Nukta tatu, mstari mmoja

Kuna mchoro wa sayari za nyota nyingine unaoniudhi kila ninapokutana nao. Anga jeusi, nyota imezibwa katikati ili mwanga wake usitupofushe, pembeni nukta tatu hafifu zenye tarehe, na juu yake duaradufu moja safi, duara lililovutwa kama yai, kana kwamba sayari imeacha nyayo. Huo mstari umetoka wapi?

Picha moja hutupa namba mbili tu: nukta iko mbali kiasi gani na nyota, na iko upande gani. Obiti, yaani njia ya sayari kuizunguka nyota, inadai namba sita, tena uzito wa nyota uwe unajulikana. Utaniambia picha tatu zinatosha, mbili mara tatu ni sita. Kwa hesabu ya shuleni, sawa. Lakini ile sayari ya nje kabisa ya nyota HR 8799 huchukua zaidi ya miaka 400 kuizunguka nyota yake, na ilitangazwa 2008. Tumeona kijipande tu cha safari yake. Kijipande kama hicho, ukizingatia makosa ya vipimo, hukaa vizuri juu ya duara lililoinama, na hukaa vizuri vilevile juu ya yai refu lililolala wazi mbele yetu. Picha ni bapa, kina hatukioni.

Fomalhaut b, nukta iliyodhaniwa kuwa sayari ya nyota Fomalhaut, ilituumbua. Ilitangazwa 2008 kwa picha za darubini ya angani Hubble za 2004 na 2006, ikapewa njia tulivu kando ya pete ya vumbi. Picha zilipoongezeka, njia ikageuka ndefu mno, ikionekana kuikata pete yenyewe. Kufikia 2014 nukta haikuonekana tena, na 2020 wachunguzi wawili wakasema huenda lilikuwa wingu la vumbi linalotawanyika. Huenda sayari yenyewe haikuwepo!

Mimi napenda mchoro wenye mistari mingi, kama nywele zisizochanwa. Kompyuta hutunga maelfu ya obiti na kubakiza zinazopatana na nukta. Hata hapo kuna mtego: nukta zikiwa chache, majibu huelekea kurefusha yai kuliko lilivyo.

Afadhali kuitazama nyota yenyewe inavyoyumba ikivutwa na mwenzake. Mwaka 1844 mnajimu Bessel alitambua mwenzi wa nyota Shira (Sirius) kwa kuyumba huko, miaka 18 kabla hajaonekana kwa darubini. Leo tunalinganisha vipimo vya Hipparcos na Gaia, setilaiti za kupima mahali pa nyota, vilivyopishana kwa takriban miaka 25, na obiti nyingi za kubuni zinaanguka.

Kwa hiyo, wachoraji, nawaomba mistari hamsini tu, hata kwa rangi hafifu.