Sherehe ya Peni, Barabara ya Kumi na Mbili

Jamani mkiniona napita msiniulize habari za muvi za vyuo vya wazungu.

Binamu yangu kamaliza masters, wa kwanza kwenye ukoo, ikabidi afanyiwe sherehe nyumbani hapa Ngamiani, turubai nje, viti vya plastiki, pilau, MC mimi maana kwetu mimi ndo mwenye mdomo. Na mimi muvi za vyuo ndo ugonjwa wangu, zile majengo ya mawe, majani yametambaa ukutani, kijana kavaa sweta anabishana na profesa wake mpaka profesa anakaa. Sasa kuna hii A Beautiful Mind ya 2001, Russell Crowe kacheza John Nash, mwanahesabu wa Princeton, chuo cha Marekani, aliyekuja kupata Nobel 1994. Mle kuna sehemu Nash keshazeeka, kakaa mezani na chai yake, maprofesa wanakuja mmoja mmoja wanamwekea peni zao mbele yake, ndo heshima hiyo. Kila nikifika hapo machozi. Nikasema na sisi tutafanya hivyo hivyo, kwani sisi nani.

Ukafika muda wa kutunza, mama yake binamu keshaandaa beseni la hela katikati, mimi nikashika maiki: "Ndugu wageni, msomi anatunzwa kisomi, kama wanavyofanya Princeton! Kila mtu aje na peni yake!" Wallahi sikusema hela zisiletwe. Lakini watu wa Tanga mnawajua, nyuso zilichangamka ghafla turubai zima, kuna jamaa alikuwa keshaikunja elfu kumi kiganjani, nikaiona kwa macho yangu inarudi mfukoni. Watoto wakatumwa dukani, peni zikaisha, mwenye duka akaanza kuuza na za kwake alizoandikia madeni. Shangazi mmoja kakosa kabisa akaweka wanja wa penseli. Babu mmoja kaweka yake, kaenda kukaa, karudi kaichukua, eti alikuwa anaionyesha tu.

Mama yake binamu ananitazama, beseni limejaa peni, na moja ilikuwa inavuja, binamu kaiokota akaichomeka mfuko wa juu wa suti yake ya krimu ili apigwe picha. Wino ukashuka polepole hadi tumboni, MC mimi nashangilia tu.

Mgeni rasmi, mhadhiri mstaafu, akaomba maiki. Mzee mpole sana. "Mwanangu, nakushukuru, ila hiyo desturi Princeton haipo na haijawahi kuwepo, wameitunga watu wa muvi." Watu kimya. Ningemnyang'anya maiki hapo hapo lakini mgeni rasmi unamnyang'anyaje, naye ndo kwanza alikuwa anapata moto: "Na ile Harvard ya muvi ya Facebook ya 2010, walishuti Johns Hopkins kule Baltimore, Harvard hawaruhusu makamera kiholela! Yule binti wa nguo za pinki kwenye muvi ya Legally Blonde, anayesomea sheria Harvard, mandhari yake kibao ni chuo cha USC, Los Angeles, na mahafali yake yalirekodiwa London!"

Sasa huko si kutufilisi? Na Nash mwenyewe wala hakuhitaji kutungiwa peni, tasnifu yake ya 1950 ilikuwa fupi, kama kurasa 28 tu, na ndo iliyompa Nobel. Binamu yangu kaandika mia na ushee, akarudishiwa akarekebishe. Si wangetengenezea hiyo muvi?

Nyuma huko akapaza sauti mmoja: "Kwa hiyo sheikh, turudi kwenye hela?"

Hakuna aliyemjibu. Watu wakakumbuka ghafla kuwa Makorora mbali, wengine wakaomba mifuko ya kufungia pilau, turubai likabaki na sisi wa damu.

Jumatatu asubuhi mwenye turubai kaja kudai chake. Mama yake binamu hata hakutoka ndani, kasema kwa dirishani, "Muone MC." Nikamtolea beseni, nikamwambia bro chagua, hapa mali ipo, shule zinakaribia kufunguliwa utauza. Akaokota moja, akaijaribu kwenye kiganja, akaisugua, akaipulizia pumzi, akaisugua tena.

"Hii haiandiki."

Akachukua redio yangu.