Mjomba, Hii Inachomekwa Wapi?

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu, aliyekuwa akitafuta waya wa kuchajia simu, aliupekua mtoto wa meza yangu hadi chini kabisa na kuibuka na kitu chenye ukubwa wa pochi nene. Alikigeuza, akakiminya pembeni, na kikafunguka mikononi mwake katika vipande vinne vilivyopangana kama mikunjo ya kodiani, kisha vipande vyote vikalala bapa mezani na kuwa kibodi kamili, yenye vitufe vya ukubwa uleule wa vile vya kompyuta ya mezani. Kijana huyu hashangazwi na vitu upesi, lakini hapo alinyamaza. Alivibonyeza vitufe kimoja kimoja akisikiliza mlio wake, akaikunja kibodi na kuikunjua mara tatu au nne, halafu akaitazama ubavuni na kuniuliza, "Mjomba, hii inachomekwa wapi?"

Sikumjibu mara moja. Jibu nilikuwa nalo, na ndilo lililonichafua roho siku nzima: haichomekwi popote. Kibodi ile haina kitufe kilichokufa wala bawaba iliyolegea, na herufi zake bado zinasomeka, isipokuwa ile A ambayo vidole vyangu vimeifuta. Kilichoiua ni kipande cha plastiki kisichozidi upana wa kidole gumba, chenye meno madogo ya chuma, kilichochongwa kuingia katika soketi ya ukoo mmoja tu wa kompyuta za mkononi, ukoo ambao watengenezaji wake waliacha kuuzaa zamani.

Wale tuliokuwapo wakati huo tunakumbuka kwa nini kibodi hizi zilitufurahisha kiasi kile. Pilot ya kwanza ya Palm, kompyuta ndogo ya kutia mfukoni, ilipotoka mwaka 1996, haikuwa na kibodi hata kidogo. Ilikuwa na kioo cha nukta 160 kwa 160, kalamu ya plastiki, na mwandiko ulioitwa Graffiti, ambao ulitaka karibu kila herufi ichorwe kwa mpigo mmoja bila kuinua kalamu. A iliandikwa bila kile kijistari cha katikati, kama paa la nyumba. Waliobuni mwandiko huo hawakuwa wakiifikiria lugha yetu, ambayo karibu kila neno lake lina A, na mengine yana tatu au nne. Jaribu kuandika "walipatana wakaachana" kwa namna hiyo, kisha uniambie umejenga mapaa mangapi. Kwa namba ya simu au orodha fupi, mwandiko ule ulitosha. Kwa ukurasa mzima wa maneno ulikuwa adhabu, na mtu yeyote aliyedai kuwa aliandika kwa raha kurasa kumi kwa kalamu ile alikuwa anajifurahisha mwenyewe.

Ndipo mwaka 1999 kampuni ya Think Outside ilipoleta kibodi ya Stowaway, iliyouzwa pia kwa jina la Palm, ikikunjwa mara nne na kuingia mfukoni. Sijapata kuona kifaa kingine kilichotatua tatizo lake kwa ukamilifu namna hiyo. Vitufe havikupunguzwa ukubwa, kwa hiyo vidole havikuhitaji kujifunza upya. Haikuwa na betri yake yenyewe, kwa kuwa umeme kidogo iliouhitaji iliuchukua kwenye kompyuta iliyokaa juu yake. Na kompyuta yenyewe, katika aina kama Palm III, iliendeshwa na betri mbili ndogo za kawaida ambazo zilimaliza wiki kadhaa. Uliwasha, na kabla hujavuta pumzi ya pili ulikuwa umekwisha andika neno la kwanza. Kioo kilikuonyesha mistari michache tu, na mimi nashikilia kuwa huo ulikuwa wema, kwa sababu mtu asiyeweza kuona alichoandika nusu saa iliyopita hana namna ya kurudi kukichokoachokoa. Sentensi iliyokuwa mbele yako ndiyo pekee uliyokuwa nayo. Katika mashine za mwanzo kila noti, yaani faili moja ya maandishi, ilijaa ilipofika herufi zipatazo 4,000, na nilijikuta nikizipima sura za maandishi yangu kwa noti, kama mtu anayepima nafaka kwa kopo.

Nakubali kwamba kibodi ile ilitaka meza ngumu, na ukiiweka mapajani ilijikunja katikati kama mgonjwa wa tumbo. Nakubali pia kwamba kuhariri maandishi marefu kwenye kioo kile kulikuwa sawa na kupaka rangi nyumba kupitia tundu la ufunguo. Lakini sitakubali zaidi ya hapo.

Sasa nirudi kwenye plagi, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika haya. Kati ya mwaka 1996 na 2004, mashine za Palm peke yake zilipitia angalau soketi nne tofauti: ile ya Pilot na Palm III, ile ya Palm V ya mwaka 1999, ile ya m500 ya mwaka 2001, ambayo kwa kejeli ya historia iliitwa kiunganishi cha wote, na nyingine tena mwaka 2004. Visor, kompyuta ya mkononi ya kampuni ya Handspring, iliyotumia mfumo endeshi uleule wa Palm, ilikuwa na soketi yake yenyewe. Matokeo yake ni kwamba kibodi moja, yenye vitufe vilevile na bawaba zilezile, ilibidi itolewe kwa plagi mbalimbali, na mnunuzi aliyebadilisha kompyuta alilazimika kununua kibodi aliyokuwa nayo tayari. Naomba msomaji alitafakari jambo hilo polepole. Kompyuta ndiyo inayochakaa upesi, kwa kuwa kichakato kinapitwa, kumbukumbu inakuwa ndogo na kioo kinafifia. Kibodi ni vitufe, chemchemi na nyaya, vitu ambavyo havina sababu ya kuzeeka kabla ya mwenye navyo. Hata hivyo kile kinachodumu kilifungwa kamba kwenye kile kisichodumu, na kimoja kilipozikwa, cha pili kilizikwa nacho kingali hai.

Wala asitokee mtu wa kuniambia kuwa ndivyo teknolojia ilivyokuwa wakati huo. Kibodi ya IBM iitwayo Model M ilianza kutengenezwa mwaka 1985, ina uzito wa tofali na kelele ya cherehani, na hadi leo wapo watu wanaoandikia nakala za miaka hiyo kwenye kompyuta mpya kwa msaada wa adapta ndogo tu. USB nayo ilitangazwa mwaka 1996, mwaka uleule wa Pilot, ikiwa na makubaliano kwamba kibodi zote zitazungumza lugha moja, ili kompyuta yoyote iielewe kibodi yoyote bila kutambulishwa. Kwa maneno mengine, wakati kompyuta za mezani zilipokuwa zinapatana, zile za mkononi zilikuwa zinachimba mahandaki. Elimu ilikuwapo na mfano ulikuwapo. Kilichokosekana ni nia, kwa sababu soketi ya pekee huuza vikalio vya kuchajia, nyaya na vikorokoro vingine, na vyote huuzwa upya kila soketi inapobadilika.

Plagi haikuwa kifungo pekee. Kibodi hizi zilihitaji pia programu yake kuwekwa ndani ya kompyuta, na katika mashine nyingi za wakati ule programu hiyo ilikaa kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme wa betri. Niliwahi kusafiri siku mbili kwenda kwenye mkutano ambao nilipaswa kuuandikia taarifa, na usiku wa kwanza betri ziliisha kabisa nikiwa usingizini. Asubuhi niliweka mpya. Kompyuta ikawaka ikiwa tupu kama siku iliyotoka kiwandani, na kibodi yangu nzuri ikawa trei ya plastiki, kwa kuwa ili kuirudishia programu yake nilihitaji kompyuta ya mezani iliyokuwa nyumbani. Taarifa ya mkutano ule niliiandika kwa mapaa. Hata sasa nikisikia mtu akisema kuwa kifaa fulani "kinahitaji programu ndogo tu ili kifanye kazi", napapasa mfukoni kutafuta kalamu ya wino.

Zilikuja baadaye kibodi za infraredi, yaani za kutuma herufi kwa mwanga usioonekana, zenye mkono mdogo uliopaswa kulitazama jicho la kompyuta. Zilihama kutoka mashine moja hadi nyingine kwa urahisi zaidi, mradi usiusogeze mkono na usikae kwenye jua kali. Sina la kuongeza juu yake.

Kisha ikaja Bluetooth, na hapa inanibidi niseme kwa shingo upande kwamba tatizo kubwa lilitatuliwa. Tangu yalipopatikana mwaka 2003 makubaliano ya namna kibodi na vipanya vinavyozungumza kwa Bluetooth, kibodi ya kukunja iliweza hatimaye kuwa mali ya mwandishi badala ya kuwa kiungo cha mashine fulani. Ninayo moja, nimeitumia na simu tatu zilizofuatana, na ninaishukuru. Lakini shukrani zangu zina mipaka. Husinzia kila ninapotulia kufikiri, na inapoamka humeza herufi mbili tatu za mwanzo, kiasi kwamba rasimu zangu zimejaa maneno yasiyo na vichwa. Huchagua kuungana na kifaa kilichoko chumba cha pili badala ya kile kilicho mbele yake. Waliokata safu nzima ya namba ili ipungue upana walikihamishia kitufe cha king'ong'o mahali ambapo hakifikiwi bila kushikilia kitufe kingine, jambo ambalo pengine halimsumbui mtu mwingine duniani, ila sisi wenye ng'ombe, ng'ambo na kung'ang'ania.

Hayo yote ningeyavumilia, lakini betri siivumilii. Kibodi ya mtoto wa meza haikuwa na betri. Ndugu zake wa infraredi walitumia zile za kawaida, ambazo mtu huzitoa na kuweka nyingine. Hizi za sasa, kwa sehemu kubwa, zina betri ya lithiamu iliyogandishwa kwa gundi ndani ya kasha jembamba lisilo na skrubu, na betri ya namna hiyo huanza kuchoka baada ya miaka michache ya kuchajiwa. Ikifa, kibodi isiyo na kasoro nyingine yoyote itafuata ndugu yake katika mtoto wa meza. Tuliondoa plagi tukaingiza gundi, na watu wanapiga makofi.

Kwa hiyo siku hizi natumia waya. Kibodi ninayoandikia makala haya hukunjwa mara mbili, haina betri, na huchomekwa kwenye soketi ya USB-C ya simu yangu, ambayo iliitambua mara ya kwanza bila kuniuliza chochote. Simu yenyewe nimeiegemeza kwenye kikombe. Inakula chaji ya simu kidogo, na siwezi kuchaji huku naandika kwa kuwa soketi ni moja, lakini nikibadilisha simu kesho kibodi itabaki. Inachekesha kwamba soketi hiyo haikuenea kote kwa huruma ya watengenezaji. Umoja wa Ulaya ulilazimika kutunga sheria kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko ziwe na soketi ya USB-C ya kuchajia. Ilihitaji bunge kufanya kile ambacho mhandisi mmoja mwenye haya angeweza kukifanya mwaka 1999.

Na kwa wale wanaoniuliza kwa nini nisibebe tu kompyuta mpakato: bebeni nyinyi.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, pengine kwa urefu kuliko alivyohitaji, naye alisikiliza kwa adabu huku macho yake yakiwa kwenye meno ya plagi. Nilipomaliza aliniuliza kama kibodi ile ilikuwa inatuma kitu chochote cha ajabu, au ni ishara za kawaida tu. Nilimwambia ninachokijua, kwamba kibodi za ukoo ule zilituma ishara za mfululizo, biti 9,600 kwa sekunde, kila kitufe na namba yake, na kwamba wapo wapenzi wa mambo haya waliokwisha kuzifanya zizungumze USB kwa kuzifungia kichakato kidogo cha bei nafuu. "Basi niachie wiki moja, Mjomba," akasema, akaikunja na kuitia mfukoni kabla sijakataa.

Wiki ya tatu sasa. Juzi alinipigia simu kwamba herufi zinatokea kwenye kioo, ila orodha yake ya namba ina kosa mahali fulani na kila anapobonyeza A inatoka S. Nimemwambia aanze na hiyo.