Puli nyepesi ya kranki: inachoongeza na inachoondoa

Puli ya kranki, yaani gurudumu lililofungwa mwishoni mwa kranki (mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni), huzungusha mkanda unaoendesha altaneta (jenereta inayochaji betri) na, katika injini nyingi, pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi. Wanaopendekeza puli nyepesi ya alumini husema kwamba injini itapata nguvu zaidi. Ukweli upo, ila neno "nguvu" limekaa vibaya, kwa sababu kinachopungua ni inesha tu, yaani ugumu wa kitu kizito kubadili kasi ya mzunguko wake, na hivyo injini hupanda upesi unapokanyaga mafuta.

Tupige hesabu. Puli ya kipenyo cha sentimita 15, uzito wake ukiwa umesambaa kama wa sahani, ikipungua kilo 1.7, basi katika gia ya kwanza yenye uwiano wa jumla wa 14 kwa 1 (kranki huzunguka mara 14 gurudumu likizunguka mara moja), kwa magurudumu ya nusu kipenyo cha sentimita 30, ni kana kwamba gari limepunguziwa kilo 10 hivi. Kwa gari la kilo 1,200 hiyo haifiki asilimia 1. Katika gia ya tano, uwiano ukiwa 3.2, inabaki nusu kilo, na gari likienda kwa mwendo usiobadilika faida hiyo haipo kabisa. Puli yenye kipenyo kidogo ni suala jingine: hupunguza mzigo kweli, lakini altaneta huzunguka polepole na chaji huweza kupungua injini inapounguruma bila gari kwenda.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mtikisiko. Kila silinda inapochoma mafuta, pigo lake huisokota kranki kidogo, kisha chuma hujirudi. Mapigo yakilingana na mtikisiko wa asili wa kranki, msokoto hukua. Itazame puli ya kiwandani kwa karibu: mara nyingi utaona ukanda mweusi wa mpira kati ya kitovu na pete ya nje, nao ndio unaoumeza mtikisiko huo. Katika baadhi ya injini mpira huo hupunguza kelele za mkanda tu, na wenye magari hayo wanaosema hawajaona madhara wanasema kweli. Lakini katika injini ya silinda 6 za mstari mmoja, yenye kranki ndefu, kuuondoa kunaweza kuvunja gia za pampu ya oili au kuipasua kranki yenyewe. Injini ya namna hiyo nisingeigusa puli yake. Kilo 10 zile ningezitafuta kwanza kwa kupunguza mizigo kwenye buti ya gari.