Jiwe la Mkama Ndume

Kiongozi wa skauti aliyenialika Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake kisiwani Pemba, alinisisitizia jambo moja tu, kwamba nisiwachoshe vijana kwa tarehe. Kisha, kabla hajanipa nafasi, akawamwagia tarehe yeye mwenyewe: kwamba Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipiga kambi yake ya majaribio mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, pamoja na vijana 20, kwamba aliwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoipata vitani huku Afrika, na kwamba alifariki mwaka 1941 akazikwa Nyeri, Kenya. Vijana walisisimkwa na ile pembe, nami nikaingiwa na wivu, kwa sababu tulikuwa tumesimama juu ya magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye hakuwa na haja ya kuazima pembe ya mtu.

Basi nikaanza na siwa, ile pembe kubwa ya kupuliza ya watawala. Niliwaeleza kwamba wataalamu wa mambo ya kale waliofukua hapa walikuta chumba chini ya ardhi chenye sura ya siwa kwenye lipu ya ukuta, nayo siwa, kama ajuavyo kila mtu wa pwani, haikupulizwa kuamsha watoto, bali kutangaza mambo ya wakubwa. Kiongozi akakohoa kidogo. Nikaendelea na kisima. Wazee husimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiotakiwa kuonana, na kwa ajili hiyo alikigawa kisima kwa ukuta, mmoja akawa anashuka kwa ngazi kuteka maji, na mwenziwe anateka kwa ndoo na kamba upande wa pili. Wavulana waliusifu ujenzi huo. Msichana mmoja akauliza kama ukuta ule ulizuia na maneno, nami nikanyamaza, maana uke wenza haujapata kuzuiliwa na mawe na chokaa.

Balaa lilikuwa kwenye habari ya ngome yenyewe. Husimuliwa kwamba Mkama Ndume alikuwa katili hata akawalazimisha watu wake kubeba mawe ya ujenzi huku wakijisogeza kwa makalio, bila ruhusa ya kusimama. Kwa maoni yangu ngome ya karne ya 15 ingekuwa haijamalizika mpaka leo kwa mwendo huo, lakini kisa kinapendeza, na kijana mmoja wa mstari wa mbele alitaka kujua inawezekanaje. Nikaokota jiwe la kadiri, nikakunja kikoi changu kwa heshima, nikaketi juu ya boma la udongo, nikalipakata jiwe na kuanza kuteremka.

Siafu wana adabu moja: hawaumi mpaka wamekwisha kuenea mwilini. Nilikuwa nimeshaupita msafara wao, tena naeleza kwa utulivu namna wajenzi walivyotumia visigino, walipoanza kuuma wote kwa pamoja kana kwamba wamepuliziwa siwa. Nilitupa jiwe, nikaruka, nikamwita Mola kwa sauti iliyosikika hadi bondeni. Vijana wakapiga makofi. Kadiri nilivyojipiga mapajani na kulia, ndivyo walivyozidi kushangilia, kwa kuwa waliamini kwamba naigiza mateso ya watu wa Mkama Ndume. Kiongozi naye, badala ya kuniokoa, akawaagiza wautazame uso wangu kwa makini.

Nikakimbilia nyuma ya kichaka, nikafungua kikoi na kukikung'uta kwa nguvu zangu zote, nikiwa nimebaki na shati na chupi. Upande huo wa kichaka palikuwa na njia, na njiani walikuwa wakipita kina mama waliotoka shamba na mihogo yao kichwani. Bibi aliyetangulia akasimama, akanitazama juu hadi chini, akasema:

"Mwanangu, Mkama Ndume alikuwa mbaya, lakini hata yeye hakuwavua watu nguo."

Jioni, vijana walipotakiwa kambini waeleze walichojifunza, mmoja wao alisimama, akapiga saluti ya vidole vitatu, akaieleza siwa bila kosa, akakieleza kisima na wake wawili, kisha akasema kwamba wajenzi wa ngome ya Pujini walikuwa wakibeba jiwe mwendo mfupi, wakalitupa, na kukimbilia kichakani kuvua nguo. Kiongozi akampa alama zote.