Anayejitenga na watu si lazima awe na maringo

Hapa Dodoma, mtu asiyeonekana msibani mara mbili mfululizo huwa amekwisha kuhukumiwa: anaringa, au ni mvivu. Hukumu hiyo ilimpata ndugu yangu wa karibu, nami niliiamini kwa miaka. Leo naiona ni dhuluma, na tafiti za kusisimua ubongo kwa sumaku zimechangia kunibadilisha.

Njia hiyo, iliyoonyeshwa na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, hutumia koili ya waya inayoshikwa juu ya kichwa, ambayo sumaku yake hupenya fuvu bila kupasua ngozi na kuzalisha umeme mdogo katika gamba la ubongo. Picha za ubongo hutuonyesha tu sehemu inayofanya kazi mtu anapoogopa, lakini sumaku humwezesha mtafiti kuidhoofisha sehemu hiyo kwa muda mfupi na kuona tabia inabadilikaje.

Mwaka 2011, watafiti wa Uholanzi waliituliza hivyo sehemu ya mbele kabisa ya ubongo, kisha wakawataka washiriki wavute kijiti cha kuongozea kuelekea kwao (kusogelea) au wakisukume mbali nao (kuepuka) kila walipoonyeshwa uso wa hasira au wa furaha. Makosa yaliongezeka pale walipotakiwa kwenda kinyume na msukumo wa asili, yaani kuusogelea uso wa hasira na kuuepuka wa furaha. Kwangu mimi, maana yake ni kwamba kumwendea mtu unayemhofia ni kazi halisi ya ubongo, na kazi hiyo yaweza kumlemea mtu mwema kabisa.

Kuogopa watu na kukosa hamu nao ni mambo mawili, ingawa kwa jirani anayetazama yanafanana. Ndugu yangu aliniambia kwamba siku za msiba huvaa, hufika mlangoni, kisha hurudi ndani. Aliyekosa hamu asingevaa.

Hata hivyo, simwamini anayedai kwamba swichi ya hamu ya kuwa na watu imepatikana ubongoni. Koili ya kawaida hufika sentimita mbili au tatu tu, ilhali viini vya hamu, yaani makundi ya seli za ubongo yanayohusika nayo, viko ndani zaidi na huguswa kupitia mitandao ya neva. Tena jaribio lahitaji kipimo cha kulinganishia, kwa mfano koili bandia isiyosisimua ubongo. Natamani Chuo Kikuu cha Dodoma na Hospitali ya Mirembe ya magonjwa ya akili, zilizo mji mmoja, zifanye utafiti wa namna hii kwa nyuso za watu wetu, na zianze kwa kuwauliza wanaojitenga wanafika wapi kabla ya kurudi.