Kama Gemu Ina Toleo la Kompyuta, Emuleta ya Nini?

Binamu yangu wa Kakamega alinipigia simu juzi usiku akiwa na hasira. Amenunua laptopu ya mtumba yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, akaweka BlueStacks, emuleta ya kuendeshea gemu za simu za Android kwenye kompyuta, ili acheze Albion Online, gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi, kwenye skrini kubwa. Mashine inavuma kama ya kusaga unga, na mhusika wake hawezi kupiga hatua tatu bila kuganda. "Kaka, nimeuziwa mbovu?"

Hakuuziwa mbovu. Albion ina toleo lake la Windows tangu Julai 2017. La simu ndilo lililofuata, Juni 2021. Alikuwa amechukua gemu ya simu na kuipitisha kwenye emuleta, ilhali toleo la kompyuta lipo, tena bure. Nikamwambia aondoe BlueStacks, apakue la Windows, aingie kwa akaunti ileile. Farasi wake, fedha zake, hata kofia aliyoinunua sokoni, vyote alivikuta.

Jambo hili linanikera kwa sababu vijana wengi huku kwetu wanaamini emuleta ndiyo njia ya kuchezea gemu kwenye kompyuta. Emuleta ni Android nzima inayowashwa ndani ya Windows, kwa hiyo mashine inabeba mifumo miwili kwa mgongo mmoja. BlueStacks wenyewe wanataka RAM isiyopungua GB 4, na wanashauri 8. Windows ikishajichukulia sehemu yake kwenye GB 4, gemu inabaki na nini? Halafu kuna kipengele cha kusaidia mashine kuendesha mfumo mwingine ndani yake, kinachowashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta: kinaitwa VT-x kwenye prosesa za Intel, AMD-V kwenye za AMD. Nimekuta laptopu za mtumba ambazo kimezimwa, na mwenyewe hajui. Bila hicho emuleta inatambaa.

Kwangu mimi, swali gumu ni kompyuta au simu.

Nakaa Manyatta, Kisumu. Jioni mawingu yakianza kupanda kutoka ziwani, najua stima inaweza kupotea wakati wowote. Betri ya laptopu yangu ni nzee, na ruta inazimika papo hapo. Kwenye gemu nyingine hilo ni usumbufu mdogo. Kwenye Albion, ukiuawa katika maeneo ya hatari, yanayoitwa mekundu na meusi, unapoteza kila ulichobeba, na mtandao ukikatika mhusika wako haondolewi mara moja kwenye gemu. Anabaki pale amesimama, na yeyote anayepita anaweza kumvamia. Nilipoteza hivyo mzigo wa madini niliouchimba jioni tatu. Niliketi gizani nikiwa na uchungu wa kweli.

Tangu siku hiyo, anga ikichafuka nahamia simu na bando. Kukusanya mbao, kuangalia bei sokoni, kuhudumia shamba la kisiwani, simu inatosha kabisa.

Lakini vita nitavipigana kwenye kompyuta daima. Mapigo ya silaha yako kwenye vitufe vya Q, W na E, uwezo wa vazi la kifuani kwenye R, kofia kwenye D, viatu kwenye F. Vidole vinakaa hapo bila kuangaliwa, na mausi inaelekeza pigo pale unapotaka. Kwenye simu vitufe hivyo vinabanana pembeni mwa kioo, na kidole gumba kinamfunika adui uliyetaka kumwona.

Emuleta nayo ina nafasi yake: gemu zilizotengenezwa kwa simu pekee. Hata hapo kuna gharama. PUBG Mobile, gemu ya kupigana kwa bunduki, huwapanga wachezaji wa emuleta wapigane wao kwa wao, na rafiki yako wa simu akijiunga na kikosi chako, naye anavutwa huko kukutana na watu wenye mausi. Mwambie mapema.

Jambo moja nusura nilisahau: ukianza Albion leo, chagua seva ya Ulaya, iliyofunguliwa Aprili 2024. Mhusika hahamishiki kutoka seva moja hadi nyingine, kwa hiyo waulize marafiki zako wanacheza kwenye seva gani kabla hujaanza.

Binamu yangu anashuka Kisumu Jumamosi. Tutaifungua laptopu yake tuone kama ina nafasi ya pili ya RAM, kisha twende mjini kutafuta GB 4 nyingine.