Chekechea ya msituni: kinachofundisha ni nini hasa?

Saa mbili asubuhi, ukingoni mwa msitu huko Ujerumani, watoto 15 hadi 20 wenye umri wa miaka 3 hadi 6 hukabidhiwa kwa walezi wawili au watatu, huhesabiwa, kisha huingia msituni na kukaa humo mpaka kama saa saba mchana. Mvua ikinyesha wanaingia. Theluji ikianguka wanaingia. Madarasa hawana, wana trela la mbao lenye jiko la kuni ndani, la kujisitiri siku baridi inapopita kiasi. Hii ndiyo Waldkindergarten, chekechea ya msituni, na Ujerumani pekee ina zaidi ya 1,500.

Wanaoipenda husema humtoa mtoto akiwa mkakamavu, mtulivu na mwenye ubunifu. Wanaoipinga husema ni anasa ya wenye nafasi, ina hatari zisizo za lazima, na mtoto anaingia darasa la kwanza hajui kushika penseli. Kila upande una ushahidi wake. Tatizo ni kwamba wote huhesabu miti, na wachache huhesabu watu wazima waliosimama chini ya miti hiyo.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja. Kwa Wadenmaki na Wajerumani, msitu ndiyo chekechea yenyewe, siku tano kwa wiki. Mwanzo wake hutajwa Denmark katika miaka ya 1950, pale Ella Flatau alipokuwa akiwatembeza watoto msituni kila siku huko Søllerød. Wiesbaden ilipata ya kwanza ya Ujerumani mwaka 1968, lakini ni ile ya Flensburg, iliyotambuliwa rasmi mwaka 1993, iliyofungua mlango kwa nyingine. Mwaka huohuo wa 1993 wafanyakazi wa chuo cha Bridgwater, Uingereza, walitembelea Denmark, wakarudi na kitu tofauti: vipindi vya msituni, kwa kawaida nusu siku mara moja kwa wiki, vikiongozwa na mtu mwenye cheti maalumu, huku chekechea ya kawaida ikiendelea siku nyingine. Utafiti uliofanyika Ujerumani hauwezi kutumika kutetea kipindi cha saa mbili kwa wiki huko Kent, Uingereza, lakini watu huutumia hivyo kila siku.

Ushahidi ulio imara zaidi ni wa mwili. Nchini Norwei, Ingunn Fjørtoft alichapisha mwaka 2001 utafiti wa watoto wa miaka 5 hadi 7: watoto 46 walicheza msituni saa moja hadi mbili kila siku ya chekechea kwa miezi tisa, na wengine 29 wakabaki kwenye kiwanja cha kawaida. Wale wa msituni waliwapita wenzao, hasa kwenye kutunza mizani ya mwili na kuratibu viungo. Sababu yake si fumbo. Sakafu ya darasa na lami ya uwanja ni sawasawa kila hatua, mguu unajua utakapotua. Msituni kuna mzizi, jiwe, gogo lenye utelezi na mteremko, na kila hatua inadai kifundo cha mguu kijirekebishe.

Kuna pia habari ya kinga ya mwili. Mwaka 2020 watafiti wa Finlandi walieleza jinsi walivyofunika sehemu ya viwanja vya kokoto vya vituo vya kulelea watoto kwa udongo wa msituni ukiwa na mimea yake midogo na kuvumwani, pamoja na majani ya kawaida na masanduku ya kupandia. Watoto wa miaka 3 hadi 5 wakachezea hapo kwa siku 28. Aina za bakteria kwenye ngozi zao ziliongezeka, na vipimo vya damu vikaonyesha mabadiliko katika seli zinazodhibiti kinga. Jumla yao walikuwa 75 tu, na hakuna aliyepima kama baadaye waliugua kidogo. Lakini ona jambo hili: hawakupelekwa msituni. Udongo uliletwa uwanjani.

Tukija kwenye akili na tabia, ardhi inakuwa laini. Utafiti unaotajwa sana ni tasnifu ya Peter Häfner ya Heidelberg, ya mwaka 2002. Aliwauliza walimu wa darasa la kwanza, nao wakawapa watoto waliotoka chekechea za msituni alama za juu zaidi katika ari, ushiriki darasani, ubunifu na kuishi na wenzao. Kwenye kazi za vidole walizidiwa kidogo. Watetezi hunukuu nusu ya kwanza, wapinzani ya pili. Kuna swali linalozigusa nusu zote mbili: ni nani anayempeleka mwanawe chekechea ya msituni? Mzazi anayefuatilia mambo ya elimu, anayeweza kumchukua mtoto saa saba mchana, anayenunua koti la mvua zuri na kulibadilisha kila mwaka. Mtoto wa nyumba hiyo angefanya vizuri hata angelelewa kwenye ghala. Ili kujua mchango wa msitu ungelazimika kugawa watoto kwa kura, na wazazi hawakubali kupigiwa kura juu ya watoto wao.

Suala la penseli, kwa maoni yetu, limekuzwa. Mtoto anayechonga kijiti, kufunga kamba na kuokota mbegu ndogondogo anatumia vidole. Kinachokosekana ni mkasi na rangi, na mlezi makini hubeba karatasi, ubao wa kuandikia na kalamu za mkaa mgongoni. Asiyebeba, mtoto wake atachelewa kweli.

Hatari zenyewe hazifanani na zile zinazowanyima wazazi usingizi. Kisu, kwa mfano. Mtoto huanza na kifaa cha kumenyea viazi kwenye kijiti kibichi. Akikimudu anapewa kisu kifupi kisichokunjika, maana cha kukunja kinaweza kujifunga juu ya vidole. Anakaa chini, viwiko juu ya magoti, kijiti kikiwa mbele ya magoti na kamwe si katikati ya mapaja, penye mshipa mkubwa wa damu. Anakata kuelekea nje, na kabla ya kuanza ananyoosha mkono kuzunguka ili kuhakikisha hakuna mwenzake wa kumfikia. Mwanzoni ni mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja. Kisu butu ndicho cha kuogopwa, kwa kuwa hulazimisha nguvu nyingi halafu huteleza. Kwa utaratibu huu majeraha mengi humalizwa na plasta.

Moto nao una kanuni zake: duara la viti kama mita moja na nusu kutoka motoni, ndoo ya maji imejaa kabla kiberiti hakijawashwa, kupiga goti moja tu anapoongeza kuni ili aweze kurudi nyuma haraka, na hakuna anayekatiza duara. Makoti ya mvua ya nailoni huvuliwa, kwa kuwa cheche huyayeyusha.

Kinachoua watu msituni ni tawi. Mlezi hutazama juu kabla ya kutazama chini: matawi makavu, uyoga kwenye shina, ufa. Upepo ukiyumbisha miti mizima hakuna kuingia, vivyo hivyo radi na theluji nzito yenye maji. Mtego uko siku mbili baada ya dhoruba, pale jua limerudi na tawi lililovunjika bado linaning'inia. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kuwa mwenye msitu hawajibiki kwa hatari za kawaida za msitu, katika kesi ya mwanamke aliyeangukiwa na tawi la mwaloni njiani. Asomaye haraka hufikiri basi hakuna anayewajibika. Chekechea inayorudi mahali palepale kila siku ina wajibu wake kwa watoto, na miti ya hapo lazima ikaguliwe na mtu anayeijua.

Kisha kupe. Kusini mwa Ujerumani, Bavaria na Baden-Württemberg, hueneza virusi vinavyovimbisha ubongo, na chanjo yake ipo. Hueneza pia bakteria wa ugonjwa wa Lyme, unaoshambulia ngozi, viungo na neva. Virusi huweza kuingia tangu kupe anapouma, ila bakteria wa Lyme kwa kawaida huhitaji saa nyingi, ndiyo maana ukaguzi wa jioni una thamani: kichwani kwenye mstari wa nywele, nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Kupe hung'olewa kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, kwa kuvutwa taratibu bila kumminya tumbo. Mafuta au moto wa kiberiti humfanya ateme alichonacho. Na matunda ya chini chini hayaliwi mabichi, kwa ajili ya mayai ya tegu wa mbweha, mdudu adimu anayeharibu ini miaka mingi baadaye. Kuyagandisha matunda hayo kwenye friji ya nyumbani hakuyaui mayai.

Pamoja na hayo yote, kinachoharibu siku nyingi ni soksi. Suruali ya mvua ikichomekwa ndani ya gambuti, maji yote hushukia mguuni; lazima ivaliwe juu ya buti. Soksi za pamba hulowa na kushika baridi, za sufu hubaki na joto hata zikiwa na unyevu. Gambuti inayobana humgandisha mtoto kuliko iliyozidi kidogo. Na mtoto mwenye miguu baridi hajifunzi chochote, anasubiri kwenda nyumbani. Hapa hoja ya anasa ina nguvu: orodha ya mavazi ikiachiwa wazazi, msitu wenyewe unawachuja watoto. Dawa ni kituo kumiliki makoti na gambuti za akiba za saizi zote. Saa za kazi ni kikwazo kigumu zaidi, kwa sababu mzazi anayefanya kazi zamu hawezi kufika saa saba mchana, na hilo halitibiwi na gambuti.

Hata msitu wenyewe hugharimika. Watoto 20 wakikanyaga mahali pamoja mwaka mzima, udongo hushindiliwa, maji hayapenyi, mizizi hukosa hewa. Vituo vyenye busara huzungusha sehemu tatu au nne.

Sasa rudi kwenye hesabu ya watu wazima. Uingereza, kisheria, mtu mzima mmoja huweza kuwa na watoto 8 wa miaka 3 na zaidi, au hata 13 akiwa na sifa za ualimu. Msituni karibu kila mwongozaji makini hushuka chini ya hapo, na wawili ndio wa chini kabisa hata watoto wakiwa sita. Mtoto mmoja akiumia, mtu mzima mmoja anabaki naye na mwingine anabaki na kundi. Zaidi ya usalama, mtoto anayechunguza jongoo kwa dakika ishirini anahitaji mtu wa kumwuliza swali moja zuri kisha anyamaze. Mtu mmoja mwenye watoto 25 atapiga filimbi na kupanga mistari, na hapo msitu umegeuka darasa lenye matope.

Ndiyo maana kuiiga chekechea hii huku Afrika Mashariki kunahitaji tahadhari. Nafasi za nje zipo, japo mijini zinapungua. Nairobi ina Karura, msitu wa hekta 1,000 hivi uliosalimika na wanyakuzi wa ardhi baada ya mapambano ya Wangari Maathai na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1990. Tanzania, kiwango rasmi cha elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na shule nyingi za umma huvuka hapo. Orodha ya hatari nayo iandikwe upya. Upupu, unaopeperusha vinyweleo vyake wakati wa kiangazi. Siafu. Nyoka, kwa hiyo hakuna kutia mkono kwenye shimo wala kuinua gogo kabla ya kuligonga kwa fimbo, ukiliinulia upande wako ili uwazi uelekee mbali nawe. Kichocho kwenye maji yaliyotulia. Mbegu za mbarika na zile nyekundu zenye doa jeusi za mturituri, ambazo mtoto huziona shanga na ambazo zikitafunwa ni sumu kali.

Kwa shule yenye watoto 50 na walimu wawili, kwenda msituni mara moja kwa mwaka kwa basi ni matembezi, wala tusiyaite kingine. Lenye maana zaidi ni kona ya uwanja wa shule yenye miti minne au mitano, isiyofagiliwa majani, iliyozungushiwa kamba ya rangi kali kama mpaka. Watoto 12 kwa zamu pamoja na mwalimu mmoja na mzazi mmoja aliyeelekezwa, dakika 90, huku waliobaki wakiwa na mwalimu wa pili na msaidizi wake. Dumu la lita 10 lenye koki na sabuni, kwa kuwa dawa ya kupaka mikononi haiondoi udongo. Kundi lilelile, siku ileile ya wiki, muhula mzima.

Vipindi viwili vya mwanzo vitakuwa mbio na kelele, na mtu atasema hawajifunzi kitu. Kwa kawaida ni kuanzia cha tatu au cha nne ndipo wanapoanza kurudi kwenye nyumba ya vijiti waliyoiacha wiki iliyopita na kugombana kuhusu paa. Mwalimu akiingilia kati hapo kwa wimbo wa pamoja, amewarudisha kwenye kipindi cha kwanza.